Mashine Iliyosimama Njiani

Baba mkwe alinipigia simu asubuhi moja, siku yangu ya mapumziko, nikiwa nafua. Hakuwa mtu wa kunipigia. Akiwa na neno nami alimpa mume wangu, mume wangu akanifikishia, na jibu langu likarudi kwa njia ileile. Nilipoona namba yake nilifuta mikono haraka, nikidhani kuna msiba.

"Mama," alisema, "mashine imesimama njiani."

Ananiita mama. Kwao, magharibi mwa nchi, mke wa mwana huitwa hivyo kwa heshima, na mimi niliyezaliwa na Wakamba nilichukua muda kuzoea kuitwa mama na mzee ambaye angeweza kunizaa.

"Imezimika, Baba?"

"Haijazimika. Inawaka vizuri. Lakini haitaki kunifungulia barua."

Barua ni jina lake la programu ya kuandikia. Alikuwa karani wa kupiga chapa katika kiwanda kimoja cha rangi, na katika ofisi ile kila kilichotoka kwenye taipureta kiliitwa barua, hata kama ni hesabu ya mapipa. Alipostaafu alibaki na vidole vya kazi hiyo, na vidole hivyo vikapata shughuli nyingine: kuandika programu za mazishi. Mtu wa kwao akifa Nairobi, kabla mwili haujasafirishwa kwenda nyumbani, jamaa hufika nyumbani kwake, mtaa wa Ziwani, na picha ya marehemu na maelezo ya maisha yake yaliyoandikwa kwa kalamu, naye huyapanga yakapangika: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliolewa na nani, ameacha nani. Kanisani kwao hakuna anayezikwa bila karatasi zake.

Nilimwuliza alichokuwa akifanya kabla haijasimama. Akasema mashine ilimwomba ruhusa ihamie toleo jipya, naye akairuhusu, kwa kuwa mara zote huiruhusu. Ilishusha vitu jioni nzima. Halafu ikamwuliza swali.

"Swali gani?"

"Maswali yake tu," alisema. "Nikafunga dirisha, nikalala."

Hapo nikaelewa. Mimi ndiye niliyemwekea mfumo wa Linux, miaka kadhaa iliyopita, baada ya flashi za waombolezaji kuijaza mashine yake virusi hadi ikawa inachukua muda wa kuchemsha chai kabla ya kufungua ukurasa mmoja. Mume wangu aliibeba hadi kwetu Tassia, nikaifuta yote, nikaipanga upya, akairudisha. Kazi yangu ndiyo hiyo. Naangalia kompyuta za kampuni ya kusaga unga, na siku nyingi ninachofanya ni kuhakikisha hakuna anayekumbuka kwamba zipo.

Mfumo kama ule huja umefungwa vifurushi. Kuhamia toleo jipya maana yake ni kushusha vifurushi vipya, kuvifungua, kisha kukipanga kila kimoja mahali pake, na mwisho kutoa vya zamani visivyo na kazi tena. Ukikatiza katikati, vingine vitakuwa vimepangwa, vingine vimefunguliwa na kuachwa hivyohivyo, na vya zamani bado viko. Mashine inaweza kuendelea kuwaka katika hali hiyo kwa sababu inatumia kile ilichokwisha kukishika. Ukiizima ndipo taabu huanza. Haijulikani itaamka vipi, au kama itaamka.

"Baba, usiizime," nilisema. "Usiguse kitufe chochote. Nakuja."

"Siizimi," alisema. Kisha akaongeza, "Kuna mama wa kwaya anazikwa Jumamosi."

Niliacha nguo kwenye beseni. Nilimwandikia mume wangu ujumbe, nikijua hatausoma kabla ya jioni, maana kiwandani kwao simu hufungiwa kabatini. Nikashuka Kariokor, nikapita katikati ya mafundi wa ngozi, nikaingia Ziwani.

Nyumba ya wakwe zangu ni ya zamani, ya zile za baraza la jiji: sebule, chumba cha kulala, na jiko dogo nyuma. Mashine iko chumbani. Dirisha la sebule linatazama njia ya watu, na kompyuta inayoonekana kutoka njiani haikai wiki. Kwa hiyo meza yake imewekwa chumbani kati ya kitanda na kabati, na waya wa intaneti umepitishwa darini ukatokea hapo.

Mimi siingii chumba hicho. Mke wa mwana haingii chumba anacholala baba mkwe wake, haketi kwenye kiti chake, wala hagusi matandiko yake. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa maneno. Kwetu Ukambani pia kuna adabu za namna hiyo baina ya wakwe, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa. Kwa miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimekaa sebuleni kwao, nimepika jikoni kwao, nimefagia uani, na pazia la mlango ule nililijua kwa upande mmoja tu.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka, anashonea vikapu mikanda ya ngozi. Ndiyo biashara yake sokoni. Vikapu hununua vikiwa tayari, ngozi hushona mwenyewe. Alinisalimu, akanimiminia chai, akanielekeza kwa kidevu kiti alichokuwa amekiweka tayari kando ya pazia. Ndipo nikajua kwamba walikuwa wamekwisha kulifikiria jambo hilo.

"Umefika, mama?" Sauti ya Baba ilitoka ndani.

"Nimefika, Baba. Shikamoo."

"Marahaba. Niko mezani."

Kwa kawaida ningesema mashine iletwe sebuleni. Lakini kuileta ni kuing'oa kwenye umeme, na kuing'oa ndiko nilikokataza. Na stima ya mtaa ule haina ahadi. Nilichukua kikombe changu cha chai, nikakaa nikilielekea pazia, tukaanza.

Kwanza nilimtaka achomeke flashi na anakili programu za mazishi, hasa ya yule mama wa kwaya. Hilo aliweza bila shida. Alilifanya mara nyingi. Flashi ikaletwa na mama mkwe, nikaitia mfukoni. Hata kama mashine ingekufa, marehemu angezikwa na karatasi zake. Baada ya hapo sikuwa na wasiwasi mkubwa. Ilibaki kazi tu.

Nilimwelekeza afungue lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Alilifahamu kidogo, kwa kuwa siku za mwanzo mume wangu aliwahi kumsomea amri moja mbili nilizomtuma nazo.

"Andika sudo," nilisema. "S, u, d, o. Weka nafasi. Halafu d, p, k, g, zikishikana."

"Hilo si neno."

"Si neno, Baba. Liandike tu. Nafasi. Vistari viwili vikifuatana, na bila nafasi andika configure. Nafasi. Kistari kimoja na herufi a. Bonyeza Enta."

Vidole vyake nilivisikia. Vilikwenda kasi, kwa mpigo mmoja, kama mvua kwenye bati.

"Inataka neno la siri."

"Liandike. Hutaona kitu kikiandikika, lakini inaandika."

Akaliandika. Kisha akasema, "Inasema haijui chaguo. Halafu kuna kistari."

Nikafikiri ameweka kistari kimoja palipotakiwa viwili. Tukarudia. Jibu likawa lilelile. Nikamwambia aandike amri ndefu zaidi yenye maana ileile, nayo ikakataliwa. Nikajaribu amri nyingine kabisa, ya kuangalia tu, isiyoweza kukosewa. Mashine ikasema haiijui. Chai yangu ilikuwa imepoa. Mama mkwe aliendelea kuvuta uzi wake, akinitazama mara kwa mara kama mtu anayesikiliza redio ya lugha nyingine.

Kama ningekuwa mezani ningeona kosa kwa jicho moja. Mahali nilipokuwa nilikuwa na pazia lenye maua ya zambarau.

"Baba," nilisema mwishowe, "nisomee ulichoandika. Herufi kwa herufi, mpaka mwisho kabisa."

Akasoma. Alikisoma chote kama nilivyomwambia, mpaka herufi a. "Halafu nukta," akamalizia.

"Nukta ya nini?"

"Sentensi imekwisha."

Miaka ya ofisini ilikuwa imemfundisha kwamba mstari usio na nukta ni mstari wa mtu mvivu. Kila amri niliyompa aliifunga kwa nukta. Na mashine ilipojibu kwamba haijui kistari na nukta, yeye aliitamka kistari, nukta akaiacha, kwa sababu kwake nukta haisomwi.

"Hizi hazina nukta, Baba."

"Hata mwisho?"

"Hata mwisho."

Mama mkwe alicheka kwa pua. Ndani, vidole vilipiga tena, vikasita, vikabonyeza Enta. Kisha Baba akasema kwa sauti ya mtu aliyeshangaa kidogo, "Inakwenda."

Ilikwenda kwa muda mrefu. Alikuwa akinieleza: mistari inapita, inapita bado. Nilijua kinachotendeka, vile vifurushi vilivyoachwa wazi vilikuwa vinapangwa kimoja baada ya kingine. Halafu akanyamaza.

"Imesimama?"

"Imeuliza."

"Inauliza nini?"

"Inauliza kama tuendelee."

"Imetoa majibu gani ya kuchagua?"

"Ndiyo na la," alisema.

Swali hilo nalijua. Linahusu faili ya mipangilio. Mashine inataka kujua kama itumie ile mpya au ibaki na iliyopo. Na majibu yake si mawili, ni mengi, yamepangwa moja chini ya jingine kwa maelezo. Nikadhani Baba anafupisha ili asinichoshe. Nikamwambia abonyeze N, tubaki na ya zamani. Mashine ikaendelea. Swali likaja tena mara mbili, kuhusu faili nyingine, na kila mara alinijibu vilevile: inauliza kama tuendelee, ndiyo na la. Hapo nikaanza kumsikiliza kwa namna tofauti.

Tulipomaliza hatua hiyo nilimpa amri ya kurekebisha vilivyovunjika, nayo ikapita bila kelele. Kilichobaki ni kuondoa masalio. Mashine ilimtajia vifurushi ambavyo toleo jipya halivihitaji, ikamwuliza kama ivitoe.

"Ni vingi," alisema Baba. "Vyote hivi vitupwe?"

"Havina kazi tena, Baba. Vinachukua nafasi tu."

"Jana vilikuwa na kazi."

"Toleo limebadilika."

"Kimoja kikiwa ndicho cha printa yangu?"

"Nisomee majina, nitakwambia."

Hakusoma. Nilisikia kiti chake kikilia. "Tuviache kwanza," alisema. "Siwezi kutupa kitu sijui ni nini. Kiwandani hatukuwa tunatupa faili mpaka mtu aje atie sahihi."

Sikubishana. Vifurushi vya zamani havimuumi mtu. Nikamwambia ajibu la, kisha aiwashe mashine upya. Hiyo ndiyo hatua niliyokuwa nikiihofia tangu asubuhi. Kama kuna kitu hakikupangika vizuri, kingejulikana sasa.

Nilisikia feni yake ikizimika, ikanguruma tena. Nikasubiri ule mlio mdogo unaotoka mashine inapofika mahali pa kuweka neno la siri. Haukutoka.

"Imewaka?" niliuliza.

"Imewaka vizuri," alisema Baba.

Mama mkwe aliweka kikapu chini. Akainuka, akachungulia kupitia ukingo wa pazia.

"Haijawaka vizuri," alisema. "Ni nyeusi. Ina maandishi madogo meupe."

"Maandishi gani?" Baba aliuliza.

Mama mkwe alibaki ameshika pazia, anamtazama mumewe, na mimi nilimtazama yeye. Maandishi yalikuwa mbele ya uso wa Baba, umbali wa mkono. Mama akasema polepole, kwa lugha yao, sentensi fupi ambayo nilielewa nusu yake. Alikuwa akimwuliza ni tangu lini.

Kiti cha Baba kikalia tena.

Nilikaa na mikono magotini. Mambo ya asubuhi yakaanza kujipanga yenyewe. Swali lenye majibu mengi ambalo kwake lilikuwa na ndiyo na la. Dirisha alilolifunga usiku uliotangulia na kwenda kulala. Majina ya vifurushi ambayo hakutaka kusoma. Vidole vyake havikuhitaji macho, na katika programu yake ya barua alikuwa anajua kila kitu kilipo. Lakini kwenye lile dirisha jeusi alikuwa anakisia. Mume wangu na mimi tulikuwa tumekula na mzee huyu Krismasi, tumemwona akimenya chungwa, akimimina chai, akifungua Biblia. Hatukuona kitu.

Nilifikiria kumwomba Mama tuibebe mashine hadi sebuleni, maana sasa kuizima hakukuwa na madhara zaidi. Kabla sijasema, pazia likasogea na Baba akatoka. Nikasimama, kama tunavyosimama. Alichukua kofia yake kwenye msumari, akaivaa, akaipiga ukingo kuisawazisha. Alikuwa ametazama mlango wa nje.

"Nakwenda kwa fundi wa viatu," alisema. "Nitachelewa kidogo. Hiyo kazi malizeni."

Viatu alivyovaa vilikuwa vizima. Akatoka, akafunga mlango nyuma yake taratibu.

Mama mkwe aliingia chumbani peke yake. Nilimsikia akikunjua kitu, akikikung'uta. Alipoliinua pazia, kitanda kilikuwa kimefunikwa chote kwa shuka kubwa la kijani, mito na blanketi chini yake, hata hakionekani kama kitanda. Nguo za Baba zilizokuwa zikining'inia nyuma ya mlango alikuwa amezihamisha.

"Sasa hapa ni ofisi," alisema. "Ingia."

Niliingia. Ni chumba kama vingine. Nilikaa kwenye kigoda alichonisogezea, si kwenye kiti cha Baba, nikatazama skrini. Mashine ilikuwa imekwama mahali pa kuwakia. Kiini kipya cha mfumo, kile kinachoamka kwanza na kuviamsha vingine, kilikuwa hakijakamilika. Hii hutokea upangaji unapokatizwa. Lakini kiini cha zamani bado kilikuwepo, miongoni mwa vile vitu tulivyokuwa hatujavitoa. Nikakichagua, mashine ikaamka nacho, ikalia ule mlio wake.

Kilichotokea kwenye skrini kilinieleza mengi. Kila kitu kilikuwa kimekuzwa. Neno moja la menyu lilikuwa na ukubwa wa kiganja. Programu ya yule mama wa kwaya, nilipoifungua kuhakikisha iko salama, ilionyesha maneno machache tu kwa mara moja, herufi nene kama za bango la mkutano. Pembeni ya kibodi palikuwa na lenzi ya mkono, ile ya kutazamia stempu, na mpini wake umezungushiwa utepe wa plasta. Alikuwa amejitengenezea maisha ndani ya kile alichoweza kuona, na lile dirisha jeusi ndilo pekee lililokuwa nje ya mipaka hiyo, kwa sababu hakujua kwamba nalo hukuzwa.

Mama mkwe alisimama nyuma yangu.

"Huwa ananiambia soma hapa, soma pale," alisema. "Nikadhani ni uvivu wa mzee."

"Labda ni mtoto wa jicho, Mama. Hupasuliwa."

"Yeye anaogopa kisu."

Nikakitengeneza upya kile kiini kipya, nikaizima mashine, nikaiwasha. Iliamka sawasawa. Nikajaribu barua, nikajaribu printa, nikaenda kwenye lile dirisha jeusi na kukuza herufi zake mpaka mstari mmoja ukaenea skrini nzima. Masalio sikuyagusa. Alikuwa amesema yasitupwe mpaka ajue ni nini, na mashine ni yake. Halafu nikatoka, nikarudi kwenye kiti changu kando ya pazia, na Mama akaliondoa shuka la kijani.

Baba aliporudi viatu vilikuwa vilevile. Aliuliza kama kazi imekwisha. Nikasema imebaki yale masalio, na kwamba maandishi ya dirisha jeusi yamekuzwa, yanasomeka sasa. Alivua kofia, akaingia. Alikaa mezani.

"Naona," alisema.

Kisha akaanza kusoma majina. Safari hii alikuwa akisoma kweli, nilisikia tofauti. Alikuwa akilitafuta kila jina, akilishika, akilitamka herufi kwa herufi lilipokuwa halitamkiki. Kila alipotaja kimoja nilimwambia kilikuwa cha nini: hiki ni cha sauti, toleo la zamani, hiki kilikuwa kikisaidia kufungua picha, kimekuja kingine, hiki ni lugha ya watu wa mbali, hatukuitumia kamwe. Alikuwa akisema "Kiende," tunakwenda kwa kinachofuata. Hatukuwa tumewahi kuzungumza muda mrefu hivyo, yeye na mimi. Mama alimaliza kushona kikapu kizima.

Kilipofika cha printa ya zamani, iliyokufa mwaka uliotangulia, nilimwambia nacho hakina kazi.

"Hicho kiache," alisema.

Nikamwelekeza namna ya kukiacha. Akabonyeza Enta, bila nukta, na vingine vikatoka.

Jioni nilimweleza mume wangu. Alikuwa anavua viatu vya kazi. Kitu cha kwanza alichouliza hakikuwa macho.

"Uliingia?"

"Baba hakuwepo."

Alifikiri, kisha akatikisa kichwa kukubali, akavua kiatu cha pili. "Na haoni?"

"Anaona kidogo. Upande mmoja zaidi ya mwingine, nadhani."

Ilichukua muda kumpeleka kliniki ya macho. Alikuwa na sababu kila wiki: mazishi, kanisa, mvua, mtu anakuja kuchukua karatasi. Mume wangu alijaribu kwa upole, kisha kwa ukali, na vyote vikashindikana. Aliyefaulu ni Mama. Alimwambia tu kwamba hatamsomea tena. Akimpa maelezo ya marehemu aliyoandikiwa kwa kalamu, yeye ataendelea kushona. Siku chache baadaye Baba mwenyewe alimtafuta mume wangu na kumwuliza kliniki hufunguliwa saa ngapi.

Jicho la kulia lilipasuliwa kwanza. Siku ya kutoa bandeji mimi nilikuwa kazini. Naambiwa alitazama sebule yake kwa muda mrefu, kisha akauliza ni nani aliyeacha ukuta ukawa mchafu hivyo.

Mashine haijanisumbua tena. Nimeiwekea programu ya kunionyesha skrini yake nikiwa Tassia, kwa hiyo ikiuliza swali tunalisoma pamoja kwa simu, yeye Ziwani na mimi kwetu, na jibu analibonyeza mwenyewe. Chumbani kwake sijaingia tena. Siku ile haijatajwa, si naye wala na Mama.

Wiki chache baada ya upasuaji alinipigia. Nilidhani ni mashine. Akasema hapana, ni zile programu za mazishi. Huweka nakala moja ya kila anayoiandika, na sasa alikuwa anazipitia na kalamu nyekundu, kuanzia mwaka ambao jicho lilianza kuharibika.

"Kuna mzee wa kanisa," alisema. "Familia iliandika alikuwa mlezi wa vijana. Mimi nimepiga mlevi."

"Mlevi wa vijana?"

"Ukurasa wa pili, chini ya picha. Imesomwa mbele ya watu, imegawanywa nyumbani kwao, na hakuna aliyeniambia."

"Labda hawakuona, Baba."

"Waliona. Wale ni watu wanaosoma." Nilisikia karatasi ikigeuzwa. "Wangeniambia. Ningeirudia."

Akakata simu, aendelee.